TAHARIRI: Injini ya gari yaweza kurusha ndege, ila usiichague kwa sababu ya bei

KILA baada ya muda, video moja huzunguka kwenye simu zetu. Kijana amejenga ndege uani kwao: mabomba ya chuma, turubai, magurudumu ya pikipiki na injini iliyotolewa kwenye gari kuukuu. Umati umejaa uwanjani, injini inanguruma, vumbi linatimka, ndege inakimbia, kisha inagoma kuinuka. Wiki ya kwanza tunamwita fahari ya taifa. Wiki ya pili tumeshamgeuza kichekesho.

Kati ya sifa na kicheko hicho, hakuna anayeuliza swali la maana: ile injini aliichaguaje?

Hili si swali la mafundi peke yao. Injini ikizima Thika Road, unasukuma gari kando, unaweka matawi nyuma, unampigia fundi. Ikizima ukiwa futi 300 juu ya mabati ya watu, una sekunde chache tu za kutafuta mahali pa kushuka. Na yule mama anayefua nguo pale chini hakuulizwa kama anataka kushiriki majaribio yako.

Msimamo wetu ni huu. Injini ya gari inaweza kurusha ndege ndogo, na imefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 90. Lakini anayeichagua kwa sababu ni ya bei nafuu, au kwa sababu karatasi inasema ina nguvu nyingi za farasi, amechagua vibaya. Chagua injini ambayo wengine wameshairusha kwa saa nyingi, ikawavunjikia, wakaandika ilivunjika wapi na waliirekebisha vipi. Hiyo historia ndiyo unayonunua. Chuma ni nyongeza.

Si wazimu, ni jambo la zamani

Tuanze kwa kuwatetea wajenzi, maana wengi huwaona kama watu waliorukwa na akili.

Ndugu wawili Wright wa Marekani walipotaka injini ya ndege yao, waliwaandikia watengenezaji wa magari. Hawakupata iliyowafaa. Basi fundi wao, Charlie Taylor, akawaundia moja kwenye karakana yao ya baiskeli. Ilitoa nguvu za farasi 12 hivi, karibu sawa na pikipiki ya boda ya 150cc. Desemba 17, 1903, ndege yao iliruka sekunde 12 na kwenda mita 36. Lakini kabla hujakimbilia boda ya jirani, kumbuka walikuwa ufukweni, kwenye baridi, na upepo mkali ukiwapiga usoni na kuwasaidia kuinuka.

Mwaka wa 1929, Bernard Pietenpol wa kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota, alirusha ndege ya mbao aliyoijenga mwenyewe kwa kutumia injini ya gari aina ya Ford Model A. Ile injini ilitoa nguvu za farasi 40 hivi ikizunguka mara 2,200 kwa dakika. Shika hiyo namba ya mizunguko, tutairudia. Michoro ya ndege yake, Air Camper, ingali inajengwa na watu hadi leo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wajenzi wa Ulaya waligeukia injini ya Volkswagen, ile ya Beetle iliyozoeleka hata kwenye barabara zetu enzi za wazee wetu. Ilipoozwa kwa hewa, haikuhitaji radieta, na silinda zake nne zimelala mbili huku mbili kule. Marekani wengine wakachukua injini ya Chevrolet Corvair, gari lililouzwa miaka ya 1960: silinda sita, nazo pia zimelala na kupoozwa kwa hewa. Baadaye kampuni ya Viking huko Florida ikabadilisha injini za Honda, ikiwemo ile ya 1.5 ya Honda Fit, zikaingia kwenye ndege ndogo. Ndiyo, Fit ile ile unayoitisha kwa app ukienda town.

Hata viwanda vikubwa vimejaribu. Ndege za Diamond DA42 zinazotumika kufundishia marubani zimeruka na injini za dizeli zilizotokana na Mercedes.

Kwa hivyo anayekuambia haiwezekani, hajui historia. Lakini anayekuambia ni rahisi, naye hajui.

Namba ya farasi inadanganya

Tuchukue mfano wa nyumbani. Injini ya Toyota 1NZ, iliyo kwenye Probox na Vitz nyingi, hutoa nguvu za farasi 109. Kwenye maduka ya Kirinyaga Road utaipata 'ex-Japan' kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Injini mpya ya Rotax 912, iliyoundwa hasa kwa ndege ndogo na yenye nguvu za farasi 80, itakudai zaidi ya Sh2 milioni. Kijana yeyote mwenye akili ataona: 109 inashinda 80, na laki inashinda milioni. Mchezo umeisha, si ndio?

Haujaisha. Toyota hutoa zile 109 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Propela haitaki kasi hiyo. Propela ya mita 1.8 ikizungushwa mara 2,700 kwa dakika, ncha zake huenda karibu mita 254 kwa sekunde. Hapo ni sawa. Ukiizungusha mara 5,500, ncha zinapita mita 500 kwa sekunde, kasi kubwa kuliko ya sauti, ambayo ni mita 340 hivi. Propela ikifika huko inapiga kelele za ajabu, inapoteza mvuto, na inaweza kupasuka.

Basi unasema, nitaifunga propela moja kwa moja kwenye injini na nisiikanyage sana, iishie 2,700. Sawa, lakini kwa mizunguko hiyo ile Toyota haitoi 109 tena. Inatoa chini ya nusu yake. Umebeba uzito wa injini kubwa ili upate nguvu za injini ndogo. Tunashuku ndege nyingi zinazokimbia uwanjani bila kuinuka zimekwama hapa hapa.

Ndiyo maana Ford ya Pietenpol ilifaa. Ilikuwa ya polepole, ikatoa nguvu zake zote pale pale propela ilipozitaka. Volkswagen nayo huzunguka mara 3,000 na kitu kwa dakika ikiwa na propela fupi ya mita 1.4 hivi, na ncha zinabaki salama. Injini za kisasa za gari, Toyota, Honda, Subaru, Suzuki, haziwezi hivyo. Zinahitaji giaboksi ya kupunguza mizunguko: injini izunguke karibu 6,000, propela izunguke 2,700 au pungufu. Rotax yenyewe hutoka kiwandani na giaboksi ya namna hii.

Halafu kuna jambo ambalo video za YouTube kutoka ng'ambo hazitakwambia: sisi tunaishi juu. Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na siku ya jua huwa nyepesi zaidi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja kwa tano ya nguvu zake. Farasi 80 wa Ukunda wanakuwa kama 64 Nairobi. Bawa nalo linaikosa hewa hiyo hiyo, propela vivyo hivyo, na uwanja wa kukimbilia unahitajika mrefu zaidi. Ndege inayoinuka vizuri Diani yaweza kugoma Nyeri, na fundi asielewe amekosea wapi.

Vitu vinavyovunjika

Hesabu ikishakubali, swali linakuwa moja: nini kitavunjika kwanza? Gari na ndege huitumikisha injini kwa njia tofauti kabisa.

Gari likienda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare linatumia nguvu za farasi 20 au chini ya hapo. Zile nyingine ziko akiba, za kupita lori na kupanda mlima. Ndege inapaa kwa nguvu zote, kisha inasafiri kwa robo tatu ya nguvu zake mfululizo, saa baada ya saa. Probox iliyotembea kilomita 200,000 bila shida imethibitisha kwamba ni gari zuri. Haijathibitisha chochote kuhusu angani.

Kwanza ni joto. Ndege inapopaa huwa kwenye mwendo wa chini huku injini ikitoa nguvu za juu kabisa. Upepo kidogo, moto mwingi. Radieta iliyotosha garini inaweza kuchemka kabla hujafika futi 500. Volkswagen haina maji ya kuchemka, lakini vichwa vya silinda zake vina kikomo. Ndiyo maana ile ya 2180cc inayotajwa kuwa na nguvu za farasi 80 huzitoa kwa kupaa tu, kisha rubani hupunguza. Anayeikaba mfululizo huchoma valvu.

Pili ni krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Garini unasukuma klachi tu. Ndegeni umefungiwa propela, gurudumu zito linalozunguka kwa kasi, na kila unapopinda kona au kuinua pua linajaribu kuupinda mhimili huo. Wajenzi wa Corvair walilijua hili kwa njia ngumu: krankishafti zao zilianza kupata nyufa, hasa kwenye ndege za kasi. Jibu lao lilikuwa kuzifanyia chuma hicho matibabu ya kukikomaza na kuongeza bearingi ya tano mbele, karibu na propela, ili ibebe mzigo ule. Leo anayejenga Corvair anajua hivyo kabla hajanunua bolti ya kwanza. Hiyo ndiyo historia tunayosema. Kuna watu walilipa ili wewe ujue.

Tatu ni giaboksi. Kila silinda ikiwaka hupiga krankishafti pigo moja. Mapigo hayo yakikutana na uzito wa propela kwa wakati mbaya, ni kama kusukuma bembea kila inaporudi: kidogo kidogo inakwenda juu hadi mtoto anaruka nje. Mtikisiko huo wa kujisokota hula meno ya gia na kukata shafti, tena bila kelele za kukuonya. Hata wakubwa umewasumbua. Dizeli za kwanza za Thielert zilizotokana na Mercedes zilikuwa na idhini rasmi ya Ulaya, lakini giaboksi yake katika miaka ya mwanzo ilitakiwa kutolewa kila baada ya saa 300. Wale walikuwa na wahandisi na maabara. Wewe una mashine ya kuchomelea na rafiki anayejua kutumia lathe. Heshima kwa rafiki yako, lakini giaboksi ya ndege si kazi ya kukisia.

Nne ni umeme. Injini ya ndege ya kizamani ina plagi mbili kwa kila silinda na magneto mbili zinazojitengenezea umeme wake. Betri ikifa, injini haina habari. Injini ya kisasa ya gari ina plagi moja kwa silinda, pampu ya umeme, na kompyuta inayoamua kila kitu. Alternator ikigoma, una muda wa betri tu. Kibaya zaidi, kompyuta ya gari imefundishwa kuilinda injini: ikihisi hitilafu, inapunguza nguvu ili injini isiharibike. Barabarani hiyo ni busara. Angani unataka kinyume chake, injini iharibike polepole ikikupeleka uwanjani.

Kama unadhani hizi ni hofu za bure, kumbuka Speyer, Ujerumani, Machi 2007. DA42 yenye injini mbili za Thielert iliwashwa kwa umeme wa nje kwa sababu betri yake ilikuwa imekufa. Ilipopaa na rubani kukunja magurudumu, umeme ulishuka kwa muda mfupi sana, kompyuta za injini zikajizima na kujiwasha upya, na injini zote mbili zikasimama. Injini mbili nzima, mafuta tele, na chanzo ni betri.

Basi nichague ipi?

Kwa ndege ya mtu mmoja, iliyo nyepesi na ya polepole, jibu letu ni la kizee: Volkswagen. Uzito wake unafika kama kilo 75 hivi, haihitaji giaboksi wala radieta, inaweza kutumia magneto, na vitabu vya kuibadilisha vimeandikwa kwa miongo mingi. Udhaifu wake unajulikana wote. Kwa Nairobi nguvu zake ni za kubana, kwa hivyo ndege lazima iwe nyepesi kweli na abiria wako abaki chini akichukua video.

Subaru ndiyo inayowavutia vijana wetu, na tunaelewa. Silinda zimelala kama za ndege, sauti ni tamu, na mafundi wake wako kila mtaa. Ile ya zamani ya EA81 ya 1.8 ilipendwa sana na wajenzi kwa sababu ni sahili na haina mshipi wa taimingi. Zile za EJ zina nguvu zaidi, lakini zinategemea mshipi huo. Ukikatika, injini imezima hapo hapo. Zaidi ya hayo, ukijumlisha EJ, giaboksi, radieta na maji, unapita kilo 100 kwa urahisi. Rotax 912 yenyewe bila vikorokoro ina kilo 60 hivi. Uzito wa ziada puani ni kama mkokoteni uliopakiwa mbele kupita kiasi. Ukiusawazisha kwa kuweka vyuma mkiani, umeongeza uzito juu ya uzito.

Honda Fit na Toyota zinafaa ikiwa utanunua kazi iliyokwisha kufanywa na kurushwa: giaboksi ya watu wanaojulikana, kompyuta iliyoandikiwa ndege, nyaya za akiba. Ikiwa unakusudia kuvumbua giaboksi yako mwenyewe, wewe hujengi ndege tena. Umeanzisha mradi wa utafiti, na chombo cha majaribio ni mwili wako.

Halafu piga hesabu upya ya ile bei. Ongeza giaboksi. Ongeza propela inayofaa, radieta, pampu ya pili, betri ya pili, kifungio cha injini, ekzosi mpya. Ongeza miezi ya kazi. Ule mwanya kati ya laki na milioni unaanza kufungika. Wengi wa waliomaliza kazi hii vizuri waliifanya kwa mapenzi ya kujifunza, na akiba waliyopata ilikuwa ndogo kuliko walivyoota. Kama lengo lako ni kuruka tu, nunua injini ya ndege iliyotumika yenye rekodi. Hakuna aibu.

Jaribu chini kwanza

Marekani, ambako watu wengi zaidi hujenga ndege nyumbani, mamlaka ya FAA kwa kawaida hutaka ndege mpya ya namna hiyo ijaribiwe angani saa 25 bila abiria ikiwa injini na propela yake ni mseto ulioidhinishwa. Ikiwa sivyo, kama ilivyo kwa injini ya gari, ni saa 40. Serikali yenyewe imeweka kipimo: injini ya gari inadai muda zaidi kabla ya kuaminiwa. Mwaka wa 2012, bodi ya uchunguzi wa ajali ya nchi hiyo, NTSB, ilichapisha utafiti kuhusu ndege za kujengwa nyumbani. Ilibainisha kwamba injini kupoteza nguvu na rubani kushindwa kuidhibiti ndege ndizo sababu kuu za ajali, na kwamba nyingi hutokea mapema sana katika maisha ya ndege.

Kwa hivyo kabla ya umati kuitwa, injini ifungwe kwenye fremu imara ardhini, ikiwa na propela yake halisi, na iungurume kwa makumi ya saa. Iachwe kwa nguvu zote kwa dakika nyingi, si sekunde 30 za TikTok. Pimeni joto la mafuta na la silinda. Pimeni mvuto wa propela kwa mizani ya kawaida ya kuning'iniza. Zimeni alternator makusudi muone betri inadumu dakika ngapi. Kisha fungueni injini mtazame kilicholika. Ikiwa itakufa, ife pale. Hakuna mazishi ya fremu ya chuma.

Tunachodai

Kwa vijana wanaojenga: acheni kujenga peke yenu na kwa siri hadi siku ya umati. Mwonyesheni mtu anayeweza kuwaambia hapana. Na jueni sheria. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, ndiyo inayosajili ndege na kutoa idhini ya kuruka. Kuruka bila idhini ni kosa, hata kama chifu alikuja kupiga picha.

Kwa KCAA: kijana anayejenga ndege atajenga, mkitaka msitake. Afadhali ajenge mkimwona. Andikeni njia yake kwa lugha nyepesi, hatua kwa hatua, ya nani wa kumpigia akiwa bado kwenye mchoro, ili mkaguzi amkute mapema badala ya polisi kumkuta siku ya kuruka.

Kwa vyuo: Technical University of Kenya na Kenyatta University hufundisha uhandisi wa ndege, na East African School of Aviation iko Embakasi. Fremu moja ya kujaribia injini, iliyo wazi kwa mjenzi yeyote siku moja kwa mwezi, ingeokoa pesa na pengine shingo. Wanafunzi nao wangepata somo ambalo halimo kwenye slaidi za mhadhiri.

Kwa wanasiasa wanaokimbilia uwanjani kuahidi ufadhili mbele ya kamera: kijana huyo hahitaji kitita cha noti hadharani kinachomshurutisha aruke leo ili asiwaaibishe. Mlipieni saa za majaribio na mhandisi wa kumkagua.

Na kwetu sisi tulio kwenye vyombo vya habari, na wewe mwenye simu mkononi: siku nyingine video hiyo ikizunguka, kabla ya kusifu au kucheka, uliza maswali matatu. Hiyo injini imenguruma saa ngapi ikiwa imefungwa ardhini? Propela inazunguka mara ngapi kwa dakika? Ikizima, anashukia wapi?

Kijana mwenye majibu matatu yuko tayari kusikilizwa hata kama ndege yake haijainuka. Asiyekuwa nayo mwambieni azime injini, ashuke, mrudi naye gereji.